Maswali Yenu, Majibu Yetu: Kinga ya Mwili Mbele ya Homa ya Ini C

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu vipimo vinavyofanyiwa damu ya wachangiaji kabla haijapewa mgonjwa, na barua nyingi zilizotufikia baadaye zilihusu kipimo kimoja tu, kile cha homa ya ini aina ya C. Tumechagua chache kati ya hizo na kumpa daktari wetu azijibu. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Mheshimiwa Mhariri, mimi huchangia damu mara kwa mara. Safari hii niliitwa nikaambiwa kwamba damu yangu imeonyesha kingamwili za homa ya ini C, lakini nilipopelekwa kupimwa kipimo cha pili majibu yalisema sina virusi. Sijawahi kumeza hata kidonge kimoja cha ugonjwa huo. Ni maabara ipi iliyokosea? — Mwalimu, Tanga

Mwalimu, huenda hakuna iliyokosea, kwa kuwa vipimo hivyo viwili havitafuti kitu kimoja. Cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B huzitengeneza zikishakutana na kirusi. Cha pili hutafuta RNA, ambayo ni vinasaba vya kirusi chenyewe. Aliyewahi kuambukizwa kwa kawaida hubaki na kingamwili kwa miaka mingi, hata kama kirusi kilikwisha kuondoka mwilini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaoambukizwa, 15 hadi 45 huondokewa na virusi ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, na wengi wao hawatambui kwamba walipitia hali hiyo, kwa sababu maambukizi mapya mara nyingi hayana dalili. Inawezekana wewe ni mmoja wao. Inawezekana pia kwamba kipimo cha kwanza kiliitikia kitu kingine kabisa, jambo linalotokea zaidi katika jamii ambazo ugonjwa wenyewe ni nadra.

Kinachonisikitisha ni kuona mtu akipewa karatasi yenye neno "chanya" na kuachwa aende nalo nyumbani bila maelezo. Majibu ya kingamwili peke yake hayatoshi kumwita mtu mgonjwa wa homa ya ini C. Bila kipimo cha RNA, uchunguzi haujakamilika. Ikiwa katika miezi sita iliyopita ulipata jambo la hatari, kama vile kuchomwa na sindano iliyotumika, rudia kipimo cha RNA baada ya miezi michache, kwa sababu katika kipindi cha mwanzo virusi huweza kushuka hadi visionekane kisha vikapanda tena.

Kingamwili, tena, si kumbukumbu pekee inayobaki. Kati ya mwaka 1978 na 1979 wanawake wengi wa Ujerumani Mashariki waliambukizwa kwa sindano zilizochafuliwa za anti-D, dawa wanayopewa wajawazito wenye damu ya kundi la Rh hasi. Miaka kama ishirini baadaye watafiti waliwachunguza baadhi ya waliopona bila dawa na kukuta kwamba kingamwili za wengine zilikuwa zimetoweka, ilhali seli T zao, yaani chembe nyeupe za kinga za aina nyingine, ziliendelea kukitambua kirusi. Kama wangepimwa kingamwili tu, wangeambiwa hawakuwahi kuambukizwa.

Shikamoo Daktari. Nasomea uuguzi. Tumefundishwa kwamba wengine hupona homa ya ini C wenyewe na wengine hubaki nayo maisha yote, lakini hatukuelezwa tofauti inatoka wapi. Seli za kinga hufanya nini hasa? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo kiini cha ugonjwa huu, na litachukua nafasi kubwa ya safu ya leo.

Tuanzie Ireland, ambako nako sindano za anti-D zilichafuliwa, mwaka 1977 na 1978. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwapata wanawake 704 wenye dalili za kimaabara za maambukizi ya sasa au ya zamani. Wote walikuwa wamepokea kirusi kutoka chanzo kimoja, kwa njia moja, na karibu wote wakiwa wanawake vijana wenye afya. Hata hivyo, miaka 17 baadaye 390 kati yao, yaani asilimia 55, walikuwa bado na virusi katika damu, na waliosalia hawakuwa navyo. Tofauti kama hiyo haiwezi kutafutwa katika kirusi peke yake. Sehemu kubwa yake lazima itafutwe katika mwili wa aliyekipokea.

Kirusi cha homa ya ini C ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 9,600. Kinapoingia ndani ya seli ya ini, protini ya seli iitwayo RIG-I huitambua RNA hiyo kuwa ngeni na kupeleka taarifa kwa protini nyingine, MAVS, iliyo juu ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), nayo huanzisha utengenezaji wa interferoni, ambayo huamsha mamia ya jeni za kuzuia virusi katika seli hiyo na katika seli jirani. Hapa ndipo kirusi hiki kinapoonyesha ujanja wake wa kwanza. Kina kimeng'enya kiitwacho NS3/4A, ambacho kazi yake ya msingi ni kuikata protini moja ndefu ya kirusi iwe vipande vinavyoweza kufanya kazi, na mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba kimeng'enya hichohicho huikata pia MAVS. Taarifa inakatwa njiani. Ini halibaki kimya kabisa, kwa maana jeni zinazoamshwa na interferoni huonekana zikifanya kazi humo siku chache baada ya maambukizi, lakini kirusi huendelea kuzaana katikati ya shughuli yote hiyo.

Wakati huohuo seli uuaji wa asili, ambazo hazihitaji kufundishwa ili zishambulie, huwa zimekwisha kuingia katika ini. Mwaka 2004 ilionekana kwamba watu waliorithi aina fulani ya kipokezi cha seli hizo, KIR2DL3, pamoja na aina ya HLA-C inayoendana nacho (HLA ni protini za juu ya seli zinazoionyesha kinga vipande vya vilivyomo ndani), huwa na nafasi kubwa zaidi ya kujiponya, na maelezo yanayotolewa ni kwamba kizuizi kinachozishika seli zao ni chepesi, hivyo huachiliwa mapema.

Seli T, ambazo ndizo zenye neno la mwisho, huchelewa. RNA ya kirusi huonekana katika damu wiki moja au mbili baada ya maambukizi, lakini seli T zinazokilenga huonekana mara nyingi kati ya wiki ya tano na ya tisa. Zinapowasili, ini huvimba, na kiwango cha ALT, kimeng'enya kinachovuja kutoka seli za ini zilizojeruhiwa, hupanda. Seli T za CD8 huziua seli zilizoambukizwa, na pia hutoa interferoni ya aina ya gama, ambayo huzima uzaaji wa kirusi ndani ya seli bila kulazimika kuiua. Seli T za CD4 hazina sifa hiyo ya kuua, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huzipita haraka wanaposoma. Wewe usizipite. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani waliwachukua sokwe waliokwisha kupona maambukizi ya awali, wakaziondoa seli zao za CD4, kisha wakawaambukiza upya. Seli za CD8 zilikuwapo, tena zenye kumbukumbu, lakini virusi havikuondoka. Katika jaribio jingine la mwaka huohuo walipoondoa seli za CD8, virusi vilidumu hadi seli hizo ziliporudi. Kwa ufupi, CD8 hufanya kazi na CD4 huiwezesha kazi hiyo idumu. Kwa wagonjwa nako imeonekana mara kwa mara kwamba anayepona ni yule ambaye seli zake za CD4 hukilenga kirusi katika sehemu nyingi kwa pamoja na haziachii kwa miezi mingi, na kwamba wako ambao virusi vyao vilishuka, kisha vikarudi baada ya mwitikio wa CD4 kufifia.

Msaada huo unapokosekana, mambo mawili hutokea. La kwanza ni kuchoka kwa seli za CD8: zikikutana na antijeni ileile, yaani kipande cha kirusi zinachokitambua, kila siku kwa miezi na miaka, huota juu yake vipokezi vya kuzizuia, hasa PD-1, hupoteza uwezo wa kugawanyika na kutoa interferoni, na hubaki ndani ya ini zikiwa hai bila nguvu ya kumaliza kazi. La pili ni kirusi kubadilika. Kimeng'enya kinachonakili RNA yake hakisahihishi makosa, na kwa kuwa mgonjwa mmoja huzalisha chembe za virusi zipatazo trilioni moja kwa siku, mabadiliko karibu yote yanayowezekana hujaribiwa, na lile linalokiwezesha kirusi kutotambuliwa na seli za CD8 ndilo linalosalia. Waliorithi HLA-B27 au HLA-B57 wana bahati hapa, kwa sababu aina hizo huzionyesha seli T vipande ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha kwa urahisi bila kujidhuru.

Urithi una jambo jingine linalotuhusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba tofauti ndogo katika kromosomu ya 19, karibu na jeni za interferoni za kundi la lamda, huathiri sana uwezo wa mtu kupona, na mwaka 2013 ikajulikana kwamba eneo hilo lina jeni ya interferoni ya lamda 4, ambayo kwa watu wengine imevunjika na haifanyi kazi. Kinyume cha matarajio, wenye jeni iliyovunjika ndio wanaopona zaidi. Jeni iliyo nzima imeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa watu wa Asia ya Mashariki. Kwa tiba ya zamani ya sindano za interferoni tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Kwa vidonge vya sasa haipaswi kumnyima mtu usingizi.

Daktari, mjomba wangu ana ugonjwa huu na ini lake limeanza kuwa na makovu. Tumeambiwa tumpe mlonge na dawa nyingine za kuongeza kinga ili kinga ikiue kirusi. Ni sahihi? — Msomaji, Mwanza

Hapana, na naomba uniruhusu nieleze sababu, maana ushauri huo umejengwa juu ya dhana kwamba kinga ya mjomba ni ndogo. Kirusi cha homa ya ini C kwa kawaida hakiui seli ya ini kinamokaa. Madhara mengi hutokana na mwitikio wa mwili wenyewe: seli T zisizofikia lengo lakini zisizoacha kushambulia, uvimbe usioisha, na hatimaye seli fulani za ini kuamshwa na uvimbe huo na kuanza kutengeneza nyuzi za kovu. Ndiyo maana sipendi mazoea ya kuieleza kinga kama jeshi linalohitaji askari zaidi; katika ugonjwa huu mashambulizi hayakukosekana, yalikosa kufika mwisho. Kati ya watu 100 wenye maambukizi sugu, 15 hadi 30 hupata sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, ndani ya miaka 20.

Usidhani basi kwamba kuipunguza kinga ni dawa. Mwenye VVU ambaye seli zake za CD4 zimepungua hupona mwenyewe kwa nadra zaidi, na makovu yake huenda kwa kasi zaidi kuliko ya asiye na VVU. Kinga iliyodhoofika nayo ni hasara.

Majani ya mlonge ni mboga nzuri, lakini hayaondoi kirusi. Ninachohofia zaidi ni michanganyiko ya mitishamba isiyojulikana vipimo vyake, kwa sababu baadhi huliumiza ini moja kwa moja, na ini la mjomba halina akiba ya kutosha ya kustahimili jeraha jipya. Mpelekeni hospitali akapimwe RNA na kiwango cha makovu, aache pombe kama anakunywa, na aanzishiwe vidonge vinavyokizuia kirusi chenyewe. Vidonge hivyo humezwa kwa kawaida kwa wiki 12, na huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.

Nasoma Cairo. Wenyeji wananiambia kwamba zamani karibu kila familia hapa ilikuwa na mgonjwa wa homa ya ini C. Je, kinga zao zilikuwa dhaifu kuliko zetu? — Mwanafunzi, Cairo

Chanzo kilikuwa sindano. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 Misri iliendesha kampeni kubwa ya kutibu kichocho kwa dawa ya antimoni iliyochomwa kwenye mshipa, mgonjwa akihitaji dozi nyingi, na mabomba ya sindano ya kioo yakitumika kwa watu wengi bila kutakaswa ipasavyo. Kampeni iliyoanzishwa kwa nia njema ikakisambaza kirusi ambacho wakati huo hakuna aliyekijua, kwani kilitambuliwa mwaka 1989 tu.

Lakini swali lako la kinga si la kupuuzwa. Watafiti waliowafuatilia Wamisri wenye homa ya ini C pamoja na kichocho cha tumbo waliona kwamba mwitikio wao wa CD4 dhidi ya kirusi ulikuwa hafifu na kwamba waliopona wenyewe walikuwa wachache, kwa kuwa minyoo ya kichocho huuvuta mfumo wa kinga kuelekea aina nyingine ya mwitikio isiyofaa kwa virusi. Wasomaji wetu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho hicho kipo, wana sababu ya kulizingatia hilo. Misri yenyewe ilipima watu karibu milioni 50 kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, ikawatibu waliokutwa na virusi, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua yake kuelekea kuutokomeza ugonjwa huu.

Nilimaliza dawa mwaka jana na nikaambiwa nimepona. Je, sasa nina kinga, na seli zangu zimerudi kama zamani? — Msomaji, Kigali

Hongera. Kuhusu kinga, jibu ni hapana: unaweza kuambukizwa tena. Aliyewahi kujiponya bila dawa ana nafasi kubwa zaidi ya kujiponya tena akiambukizwa mara ya pili, lakini hata yeye hana uhakika, na aliyeponywa kwa vidonge hapaswi kuitegemea nafasi hiyo.

Kuhusu seli, baadhi hurudi vizuri. Jeni za interferoni zilizokuwa zimeamshwa ndani ya ini kwa miaka hutulia mara kirusi kinapotoweka, na seli uuaji wa asili hukaribia hali yake ya kawaida. Seli za CD8 ni suala jingine. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba hata baada ya kirusi kuondoka, seli zilizokuwa zimechoka hubaki na alama za uchovu katika mpangilio wa vinasaba vyake, kana kwamba hazijapata habari kwamba kazi imekwisha. Katika maisha ya kila siku hutalihisi hilo, ila linaeleza kwa nini kuponywa si sawa na kuchanjwa.

Mambo mawili usiyaache. Kama ulikuwa umefikia sirosisi kabla ya tiba, endelea kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti kila miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani hupungua lakini haiishi. Na yeyote anayetarajia kuanza vidonge hivi apimwe kwanza homa ya ini B. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa kadhaa kupata mlipuko wa kirusi cha B walipokuwa wakiponywa C, pengine kwa kuwa mwitikio uliokuwa ukikibana kirusi cha B ulilegea.

Nimechanjwa dozi tatu za homa ya ini. Bado nihofie aina ya C? — Msomaji, Mombasa

Chanjo uliyopewa ni ya aina ya B, nayo haigusi C hata kidogo. Chanjo ya C haipo, ingawa si kwa kukosa kujaribu. Katika jaribio lililofanyika katika miji ya Baltimore, San Francisco na Albuquerque nchini Marekani, watu 548 waliokuwa katika hatari kwa sababu ya kujidunga dawa za kulevya walipewa chanjo mbili mfululizo, ya kwanza iliyobebwa na kirusi cha adeno cha sokwe, ama sindano zisizo na chanjo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba asilimia 78 ya waliochanjwa walipata seli T zinazokilenga kirusi, na wale walioambukizwa baadaye walikuwa na kilele cha virusi kilicho chini. Lakini maambukizi sugu yalikuwa 14 katika kila kundi.

Mimi nalisoma jaribio hilo kama ushahidi kwamba kuziamsha seli T hakutoshi. Chanjo ile ilibeba protini za ndani ya kirusi, hivyo haikulenga kabisa kuzalisha kingamwili za kukizuia mlangoni. Protini za nje, hasa E2, zimefunikwa na sukari, sehemu yake moja hubadilika upesi kuliko kingamwili zinavyoweza kuifuata, na kirusi husafiri kikiwa kimejibanza na mafuta ya damu. Chanjo itakayofaulu huenda itahitaji kuunganisha silaha zote mbili.

Nina virusi vya C na nimejifungua. Mtoto amepimwa akiwa na miezi minne, amekutwa na kingamwili. Ameshaambukizwa? — Mama, Unguja

Mama, kingamwili hizo kwa umri wake ni zako, zilipita kwake kupitia kondo la nyuma, na zinaweza kubaki katika damu yake hadi atimize miezi 18. Kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, takriban sita tu ndio wanaoambukizwa. Omba apimwe RNA, kipimo kinachoweza kufanywa kuanzia umri wa miezi miwili. Pasipokuwa na kipimo hicho, subirini hadi baada ya miezi 18 ndipo arudie cha kingamwili. Kunyonyesha endelea, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, hapo usimame hadi zipone. Na wewe mwenyewe zungumza na daktari wako kuhusu kuanza vidonge mara utakapomwachisha ziwa.